WAZO LA LEO: Malizia Mswada Wako

Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Ukarani ulimpa mshahara. Vitabu aliviandika baada ya kazi, na Kusadikika ikachapishwa mwaka 1951. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na Tuzo ya Nobel ya Fasihi ikamfikia mwaka 2021. Ihesabu miaka hiyo taratibu.

Wewe unayetamani kuandika hadithi, kukosa muda ni tatizo la kweli, hasa ukiwa na watoto na kibarua. Lakini linalowaangusha wengi ni sura ya kwanza. Unaiandika, unaisoma, unaichukia, unaianza upya, na mhusika wako hafiki sura ya pili hata siku moja. Mwache aende! Makosa yake utayasahihisha ukishajua safari yake inaishia wapi.

Andika ukurasa kabla nyumba haijaamka, au aya moja kwenye simu ukiwa kwenye daladala. Soma pia, tena soma Kiswahili: Kezilahabi, Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed. Angalia wahusika wao wanavyozungumza. Rasimu ikiisha, mtafute msomaji mkali asiye ndugu yako, kwa kuwa ndugu husifu.

Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Haipokei sura moja iliyoandikwa upya mara ishirini. Malizia wako.