Kucheza Pamoja na Aliyekuzidi

Liko swali moja ambalo kila kijana hukutana nalo mapema, hata kama hajapata kulitamka kwa maneno. Je, ni heri mtu kukaa pamoja na walio sawa naye, au kukaa pamoja na waliomzidi? Akiwa na walio sawa naye hustarehe, lakini yamkini asiendelee. Akiwa na waliomzidi huenda akaendelea, lakini huenda pia akaona haya, akahusudu, au akakata tamaa. Swali hili lina uzito mkubwa shuleni, kwa kuwa humo mwanafunzi huketishwa kando ya mwenzake bila kuulizwa ridhaa yake. Nataka tulitazame pamoja, msomaji, kwa mfano wa mchezo mmoja unaochezwa karibu nasi. Mchezo huo ni gofu.

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu iendayo kaskazini, utapita Ruiru, mji uliokulia katikati ya mashamba ya kahawa, ambayo mengi yake sasa yamegeuka kuwa nyumba. Ukiendelea mbele utafika Thika, mji wa viwanda na mananasi. Kila mmoja wa miji hii miwili una klabu yake ya michezo, na kila klabu ina uwanja wake wa gofu. Zamani za ukoloni viwanja vya namna hii vilikuwa vya walowezi. Mwafrika aliingia humo kukata majani au kuchukua mkoba wa mchezaji. Leo wenyeji wa nchi hucheza humo wao wenyewe, wanaume kwa wanawake.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza na mgumu kutenda. Mchezaji huchukua fimbo zisizozidi 14, akapiga mpira mdogo kutoka mahali pa kuanzia mpaka utumbukie katika shimo lenye upana wa milimita 108. Mashimo ni 18, na mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache kuliko wenzake. Wachezaji ni wa aina mbili. Wako wa ridhaa, yaani wale wanaocheza kwa kupenda tu, nao wana kazi nyingine za kuwapa riziki. Mmoja ni mwalimu, mwingine mfanya biashara, mwingine daktari. Tena wako wa kulipwa, ambao gofu ndiyo kazi yao na ndicho chakula cha watoto wao.

Katika michezo mingi watu wa aina hizi mbili hawawezi kukutana. Mtu aliyeanza kujifunza ngumi jana hawezi kuingia ulingoni na bingwa bila kuhatarisha maisha yake. Gofu imepata njia ya kuwakutanisha. Kila mchezaji wa ridhaa ana hesabu ya mapigo anayopunguziwa, na hesabu hiyo hutokana na michezo yake mwenyewe iliyopita. Mtu anayepunguziwa mapigo 18, akimaliza kwa mapigo 90, huhesabiwa kuwa amemaliza kwa 72. Kwa hiyo mnyonge na hodari huweza kutembea pamoja, na kila mmoja akawa na jambo la kushindania. Mashindano ya Wazi ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1967, huwa na siku moja kabla ya mashindano yenyewe ambapo mchezaji wa kulipwa hupangwa pamoja na wachezaji wachache wa ridhaa. Wapo wanaoitamani siku hiyo mwaka mzima. Basi na tuulize: mtu wa ridhaa aliyepata bahati ya kutembea saa nne au tano kando ya bingwa, atazame nini ili arudi nyumbani na faida?

Watu wengi hutazama jambo moja tu, nalo ni nguvu. Bingwa hupiga pigo la kwanza, mpira ukapaa na kutoweka machoni. Hapo mtu wa ridhaa husisimka, akaikaza fimbo kwa mikono yote miwili, akapiga kwa nguvu ambazo hakujaliwa, na mpira wake ukaingia vichakani. Ametazama kwa bidii, lakini ametazama kitu kisichoweza kuwa chake. Nguvu na wepesi wa bingwa ni matunda ya mwili wake na ya maelfu ya siku za mazoezi. Havihami kutoka kwa mtu hadi kwa mtu katika alasiri moja. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Viko vitu vingine katika mwenendo wa bingwa ambavyo havihitaji mabavu, na hivyo mtu yeyote aweza kuvichukua bure. Cha kwanza ni utulivu wake kabla ya pigo. Miji ya Thika na Ruiru iko zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi, hivyo mpira huenda mbali kuliko Mombasa. Tena ziko zile nyasi nene zilizotoka nyanda za juu za Kenya, ambazo dunia nzima huziita kwa jina la Kikuyu, na ambazo leo zimeenea katika viwanja vya Afrika Kusini, Australia na California. Mpira ukizama katika nyasi hizo, hushikwa kama mguu katika tope. Bingwa mgeni hayapuuzi mambo haya. Huinama akatazama jinsi mpira ulivyolala, hupima upepo, na asipojua, humwuliza mchukuzi wa mkoba wake, kijana mwenyeji aliyekizoea kila kilima cha uwanja ule. Fikiri jambo hilo, msomaji. Yule aliyekuja kwa ndege, mwenye jina magazetini, anamwuliza kijana wa Ruiru, na anafuata neno lake. Mtu wa ridhaa, ambaye ujuzi wake ni mchache kuliko wa wote wawili, aghalabu huona haya kuuliza.

Cha pili ni uchaguzi wake. Mpira ukiangukia kati ya miti, mtu wa ridhaa huona upenyo mdogo kama dirisha na kusema, “Nitaupitisha pale.” Bingwa, ambaye pengine angeweza kweli kuupitisha, mara nyingi huupiga kando, pigo fupi lisilo na fahari, ukarudi mahali peupe. Amepoteza pigo moja kwa makusudi ili asipoteze matatu kwa kiburi. Watazamaji hawapigi makofi kwa pigo kama hilo, lakini ndilo linalomtenga mtu mzima na mtoto katika mchezo huu. Kuujua mwisho wa uwezo wako na kukaa ndani yake bila kununa ni hekima ambayo wengi huipata wakiwa wamechelewa.

Cha tatu, nacho ni kikubwa kuliko vyote, ni jinsi anavyolichukua kosa. Msidhani kwamba bingwa hakosei. Hesabu zilizowekwa za mashindano makubwa ya Marekani zinaonyesha kwamba mabingwa wa huko, wakisimama futi 8 kutoka shimoni, hutumbukiza mpira kama mara moja tu katika kila mara mbili. Futi 8 ni hatua tatu za mtu mzima! Basi mtu wa ridhaa anayeitupa fimbo chini kwa sababu amekosa mahali hapo anadai kwa nafsi yake kitu ambacho mabingwa wa dunia hawakipati. Bingwa akikosa, hukunja uso kidogo, akatembea, na afikapo penye mpira huwa amekwisha kulisahau pigo lililopita, kwa maana pigo linalofuata halijui habari za lile la nyuma. Ukiuangalia mchezo wake wote tangu mwanzo hata mwisho, utaona kwamba anamzidi yule wa ridhaa kwa uzuri wa mapigo yake mazuri, na pia kwa udogo wa hasara ya mapigo yake mabaya.

Hapa huenda mtu akanipinga. Atasema, “Mwalimu, bingwa ana wakati. Yeye hufanya mazoezi kutwa, na mimi nina kazi nyingine. Kunilinganisha naye ni kunionea.” Maneno haya yana haki ndani yake, nami siyakatai. Usione vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda chombo kwa miaka 20 hawezi kufikiwa na aliyeanza juzi. Lakini tazama wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walivyoanza. Walianza kama wachukuzi wa mikoba. Hawakuwa na fimbo, wala mwalimu, wala ada ya klabu. Walikuwa na macho. Mwenye mkoba alicheza, na mchukuzi alitazama. Baada ya miaka, mwenye mkoba alibaki pale pale alipokuwa, na mchukuzi akawa bingwa. Mhispania Seve Ballesteros, aliyeshinda Mashindano ya Wazi ya Kenya mwaka 1978, na mwaka uliofuata akashinda yale ya Uingereza, naye utotoni alikuwa mchukuzi wa mikoba kijijini kwao, akijizoeza pwani kwa fimbo moja. Kumbe kukaa karibu na hodari hakumfaidi kila mtu sawasawa. Humfaidi yule ajuaye kutazama.

Sasa tuje kwenye maumivu, maana ningekudanganya kama ningesema hayapo. Kukaa na aliyekuzidi huuma. Kila pigo lake hukuonyesha upungufu wako, na moyo hutafuta dawa ya haraka. Dawa moja ni husuda, ambayo humfanya mtu afurahie mpira wa mwenzake unapoingia majini. Dawa ya pili ni kukata tamaa na kusema, “Mimi sikuzaliwa kwa jambo hili.” Dawa ya tatu ni udanganyifu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Katika gofu ni rahisi sana kudanganya. Uwanja ni mpana, miti ni mingi, na mara nyingi hakuna mwamuzi karibu. Mtu huweza kuusogeza mpira kwa ncha ya kiatu au kuhesabu mapigo sita kuwa matano. Lakini atakuwa amejipokonya kitu. Ile hesabu ya kupunguziwa ilikuwa kioo chake, ya kumwonyesha kama leo ni bora kuliko jana. Akiisha kuitia uongo, hana tena njia ya kujua aliko, na asiyejua aliko hawezi kwenda mbele.

Katika jambo hili mtu wa ridhaa aliwahi kuwa mwalimu wa wote. Mwaka 1925, katika Mashindano ya Wazi ya Marekani huko Worcester, Massachusetts, Bobby Jones, ambaye maisha yake yote ya mashindano alicheza bila malipo, alikuwa akishindana na wachezaji wa kulipwa. Alipoiweka fimbo yake nyuma ya mpira, mpira ulisogea kidogo nyasini. Hapana mtu mwingine aliyeona. Waamuzi waliuliza huku na huku, wakakosa shahidi, wakamwachia yeye aamue. Jones alishikilia kwamba umesogea, na akajiongezea pigo moja. Mwisho wa mashindano alilingana na Willie Macfarlane, ikabidi warudiane, na Macfarlane akashinda kwa pigo moja. Husimuliwa kwamba watu walipomsifu Jones alichukizwa, akasema kwamba kumsifu mtu kwa jambo hilo ni sawa na kumsifu kwa kuwa hakuiba benki. Pigo lile moja lilimnyima ushindi, naye hakulijutia. Hivyo utaona kwamba yuko anayekuzidi kwa ustadi na yuko anayekuzidi kwa uaminifu, wala si lazima wawe mtu mmoja. Chagua vema ni nani wa kumtazama, na umtazame kwa lipi.

Rudi sasa darasani mwako. Pengine kando yako ameketi mwenzako anayemaliza hesabu kabla hujaanza. Ukiyanakili majibu yake, umefanya kama yule anayetamani pigo la mbali la bingwa. Umechukua kitu ambacho kesho, penye mtihani, hakitakuwa mkononi mwako. Lakini utazame mwenendo wake. Je, husoma swali mara ngapi kabla ya kuandika? Akikwama hufanya nini? Akipata alama mbaya hulirarua daftari, au hulifungua tena akatafuta mahali alipopotea? Mambo haya hayana hati ya kumilikiwa. Yachukue, naye hatapungukiwa na kitu.

Na kama wewe ndiwe hodari, ukaketishwa kando ya mwenzako aliye nyuma, usidhani somo hili halikuhusu. Bingwa katika siku ile ya kucheza na watu wa ridhaa husubiri. Huutafuta mpira wa mwenziwe vichakani pamoja naye, husimama kimya anapopiga, wala hacheki mpira unapokwenda upogo. Yuko mtu anayemtazama, na kila alifanyalo ni fundisho, apende asipende.

Swali letu, basi, naona lina jibu, ingawa jibu lenyewe si la raha. Ni heri kukaa na aliyekuzidi, kwa masharti mawili: umtazame mahali panapofaa, na uyahesabu mapigo yako kwa kweli. Bila sharti la kwanza utarudi na husuda tu. Bila la pili hutajua kama umerudi na kitu chochote. Juma lijalo mwalimu wako akiyapanga upya madawati, usimwombe akuweke na rafiki yako. Keti utakapoambiwa, ufungue macho, na uandike katika daftari lako alama uliyoipata, hiyo hiyo.