Jumatano: Mwenye Shimo

Soma Kutoka 21:28–36 na Habakuki 2:15. Mtu akiumia kwa kitu ambacho mwenzake alikiacha wazi, Mungu anamdai nani?

Huko Bukoba na Muleba rubisi haitengenezwi mafichoni. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa miguu pamoja na majani, ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Maji yake hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na kesho yake pombe iko tayari. Hutolewa kwenye posa, kwenye msiba na kwa mgeni. Kwa akina mama wengi ndiyo sare na madaftari ya watoto. Basi muuzaji anayebatizwa haachi kinywaji tu (pengine hakukionja kamwe); anaacha riziki ya nyumba yake.

Wengine husema, “Mimi nauza kwa uangalifu. Aliyelewa simwongezi, na pikipiki simruhusu aendeshe.” Hilo ni jema kuliko kumwongezea. Lakini torati huanza mapema zaidi. Mwenye ng'ombe apigaye watu kwa pembe hakuulizwa kama alisikitika, bali kama alikuwa ameonywa. Mwenye shimo alilipa mnyama aliyetumbukia, ingawa hakumsukuma. Habakuki naye anamtamkia ole mnyweshaji. Ni kweli nabii alikuwa akiwasema Wakaldayo, lakini mfano huo usingekuwa na uzito kama tendo lenyewe lingekuwa dogo.

Na aliyekwisha kulewa je? Soma 1 Samweli 25:36, 37. Abigaili alikuwa na habari nzito, lakini alipomkuta Nabali amelewa hakumwambia neno lolote mpaka asubuhi, divai ilipokuwa imemtoka. Hakubishana na kileo. Vivyo hivyo, anayeyumba usiku kwenye barabara ya Muleba hahitaji mahubiri saa ile. Anahitaji mtu wa kumshika mkono, kumwondoa barabarani na, akilala, kumlaza kwa ubavu asipaliwe na matapishi. Mahubiri yatamkuta asubuhi.

Jadilini: Mjane katika kikundi chenu ameacha kuuza rubisi wiki hii, ila migomba yake ya ndizi za pombe bado imesimama. Jirani anataka kununua mikungu yote ili akamue mwenyewe. Akimwuzia, shimo ni la nani? Asipomwuzia, kikundi kitampa nini, na kiasi gani, kabla ya Sabato ijayo?