Giza Lililotangazwa

Taarifa ya katizo la umeme la usiku kucha ikishapita redioni na kwenye simu, mtaa hubadili mwendo. Kinyozi wa Igogo huwahi kuwamaliza wateja waliopo. Mama wa Kirumba mwenye sangara wabichi hutafuta barafu kabla jua halijazama, na aliyeweka maziwa kwenye friji huanza kuwagawia majirani. Ndoo hujazwa mapema, maana pampu zinazovuta maji kutoka ziwani nazo zinategemea umeme, na nyumba zetu nyingi hapa Mwanza zimepanda milimani, juu ya mawe, ambako maji hayafiki bila kusukumwa. Taarifa za shirika la umeme, TANESCO, huwa fupi: maeneo yatakayoguswa, saa ya kuzima, saa ya kurejesha, na sababu, labda nguzo zilizooza au matawi yaliyolalia nyaya. Mara nyingi huongezwa onyo kwamba mtu asiguse waya uliokatika.

Wengi wetu tunaukumbuka mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, haujaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Ulikuwa wakati mgumu, lakini palipokuwa na ratiba watu waliipangia maisha. Fundi cherehani alishona usiku wa manane, mwenye mashine ya kusaga akawaita wateja alfajiri. Halafu ukaja usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu ya Gridi ya Taifa ilipozima umeme sehemu kubwa ya nchi bila mtu kuambiwa. Giza ni lile lile. Tofauti ni kwamba moja lilitukuta ndoo zimejaa.

Wavuvi wa dagaa wanalijua jambo hili kuliko sisi. Kazi yao hufuata mwezi: ukiwa mpevu, dagaa hawavutwi sana na taa, basi mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Kipindi cha giza kikirudi, wao huingia ziwani na taa zao, zamani karabai za mafuta, siku hizi nyingi za betri na sola. Usiku ambao mji umekatiwa umeme, ukisimama Capri Point utaona mwanga mwingi majini kuliko nchi kavu. Hakuna aliyeshtuka kule. Waliujua usiku wao tangu wiki iliyopita.

Petro naye alikuwa mtu wa ziwa, na naye alitangaziwa giza lake. Katika Luka 22 Yesu anamwambia waziwazi: leo, kabla jogoo hajawika, utanikana. Ila yapo maneno yaliyotangulia, nasi tukisoma haraka tunayaruka. Yesu alikwisha kumwombea. Akamwambia kwamba atakaporudi awaimarishe ndugu zake. Katika mazungumzo yale yale Petro alipewa saa ya kuzimika na ahadi ya kurejea. Akabisha. Huenda aliona ni aibu kuambiwa udhaifu wake, hata na mtu anayempenda kuliko wote. Je, wewe hupokeaje neno kama hilo, likitoka kwa mwenzi wako, au kwa mama yako mzazi?

Usiku ule, uani kwa kuhani mkuu, Petro alikota moto wa makaa, na hapo ndipo alipokana. Yohana ameutaja moto huo, kisha akautaja mwingine wa makaa katika sura ya 21, safari hii ufukweni, asubuhi, baada ya wanafunzi kuvua usiku mzima bila kupata kitu. Naomba tukae hapa kidogo. Waliposhuka chomboni walikuta makaa yamekwisha kuwaka, samaki juu yake, na mkate. Samaki wao wenyewe, waliowapata asubuhi hiyo, walikuwa bado wavuni. Hatusomi kwamba Petro alikuwa ametamka neno la toba mbele ya wenzake. Aliyekosewa ndiye aliyewahi kufika, akawasha moto, akaandaa chakula. Kusamehe kwake hakukungoja ombi. Kulianza tangu ile sala ya kabla ya kosa.

Nimelitafakari hilo juma hili nikiwafikiria watu wa nyumbani mwetu. Kila mmoja wetu anajua, karibu kwa ratiba, mwenzake atapungukiwa wapi. Unajua kaka yako akipata mshahara atasahau deni. Unajua binti yako akichoka atajibu kwa ukali, na mumeo akiulizwa habari ya ada ya shule atanyamaza. Tunayajua haya miaka yote, na bado yakitokea tunaumia kana kwamba gridi imeanguka ghafla. Ingekuwaje tungejiandaa? Kumwombea mtu asubuhi, kwa jina, kuhusu kosa ambalo huenda atalifanya jioni, ni kazi ndogo isiyoonekana, lakini hubadilisha sauti utakayomjibia.

Sisemi uvumilie kila kitu. Lile onyo la waya uliokatika ni la upendo pia. Anayekupiga, au anayewaumiza watoto, usimsogelee kwa jina la msamaha. Ondoka, toa taarifa, omba msaada kwa viongozi wa mtaa, kwa polisi, kwa kanisa. Msamaha unaweza kukua moyoni ukiwa mahali salama, tena polepole.

Lakini makosa yetu mengi ya kila siku si ya aina hiyo. Ni madogo, yanajirudia, na yanachosha. Kwa hayo, tazama tena alichofanya Yesu baada ya kula. Alimuuliza Petro mara tatu kama anampenda, na kila alipojibiwa alimkabidhi kondoo wa kulisha. Sisi mara nyingi husema tumesamehe, kisha hatumwamini tena mtu huyo na kitu chochote. Kijana aliyepoteza fedha za duka anaendelea kula mezani petu, ila mwaka wa pili huu hajashika ufunguo. Mpendwa, kama yuko wa namna hiyo nyumbani kwako, na kama amekwisha kuonyesha kwamba anataka kusimama tena, ni kazi gani unayoweza kumrudishia juma hili?