Mwalimu Aliyenyamaza



Katika mji wa Tallinn, huko Estonia, kando ya Bahari ya Baltiki, kuna nyumba ya makumbusho iitwayo Vabamu. Ilifunguliwa mwaka 2003 ili watu wasisahau jinsi nchi yao ilivyokaliwa kwa mabavu: kwanza na Umoja wa Kisovieti mwaka 1940, kisha na Wajerumani tangu 1941, kisha na Wasovieti tena tangu 1944, hata uhuru uliporudi tarehe 20 Agosti 1991. Miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa humo ni milango ya magereza na masanduku ya safari. Masanduku hayo yanatukumbusha Machi 1949. Kwa siku chache tu watu zaidi ya 20,000 walikamatwa na kupakiwa katika magari moshi kwenda Siberia, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Basi sisi tulioshika chaki miaka mingi twamwaza mwalimu wa siku zile. Anafungua kitabu cha mahudhurio, anaita majina, na madawati mengine ni matupu. Watoto waliobaki wanamtazama. Afanyeje? Akiuliza wenzao wako wapi, huenda kesho naye atapakiwa. Anaendelea na hesabu. Na somo la historia likifika, anafundisha kama alivyoagizwa, ya kuwa Estonia iliingia katika Umoja wa Kisovieti kwa hiari yake.

Wazee wetu husema, funika kombe mwanaharamu apite. Kwa habari ya kunyamaza, hatuthubutu kumlaumu. Alikuwa na watoto wake nyumbani, na wanaohukumu upesi kwa kawaida hawajapata kugongewa mlango usiku. Yule aliyekwenda kumchongea jirani ni mtu mwingine kabisa, tusiwaweke fungu moja.

Lakini kufundisha uongo si kunyamaza. Mtoto humwamini mwalimu kabla hajajua kupima maneno. Wazazi wengi nao waliogopa kumwambia kweli, asije akaropoka shuleni, hivyo alibaki na uongo ule peke yake. Kwa sababu ya hofu twaweza kumsamehe mwalimu adhabu, ila twaona bado anadaiwa na wanafunzi wake.

Moscow yenyewe ilikana mapatano yake ya siri na Ujerumani ya mwaka 1939, yaliyogawanya nchi zile, mpaka ilipoyakiri Desemba 1989. Tangu hapo mwalimu angeweza kuwaita wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye watoto, akawaambia, "Nilijua." Wapo wasemao, waacheni wazee wapumzike. Hatukubali. Aliyeketi darasani ana haki ya kulisikia neno hilo kwa yule yule aliyemfundisha, wala makumbusho hayawezi kulisema kwa niaba yake.

Na siku ni chache. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 1949 sasa amepita 80, na mwalimu wake, bila shaka, alizikwa zamani.