Nani Ataona Chini ya Maji?

Kuna swali moja nililodhani nimelimaliza nikiwa darasa la tano, siku mwalimu wa dini alipotuuliza: ukiokota pesa na hakuna aliyekuona, utafanyaje? Sote tulijibu kwa sauti moja kwamba tutazirudisha. Tulidanganya, na mwalimu alijua tunadanganya, kengele ikalia tukaenda kucheza. Swali lenyewe likaningoja miaka mingi, likaja kunikamata Gerezani, chini ya tumbo la mashua, mikono imejaa grisi.

Usicheke, msomaji. Najua Gerezani hakuna bahari. Kuna vyuma, kuna matairi, kuna mafundi wa kuchomea na wa kuchonga, kuna makelele ya nyundo tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Lakini mashua hii ilikuja kwa trela. Ilikuwa ndogo, ya faiba, na mwenyewe alikuwa mzee mstaafu wa bandarini aliyeuziwa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Akaiegesha katika uwanja wa fundi niliyekuwa nikimsaidia kazi, kati ya gari bovu na rundo la springi, ikakaa pale imeinua pua kama bibi harusi aliyeteremshwa kituo kisicho chake.

Shida yake ilikuwa mkuku. Kwenye jahazi, mkuku ndio mti wa kwanza kulazwa. Mbavu na mbao hufuata baadaye, na ukishalazwa hautoki mpaka chombo kife. Ngalawa nayo husimama kwa mirengu yake, kama mtu aliyenyoosha mikono. Mashua hii ilikuwa na mkuku wa namna nyingine: bapa zito la chuma cha kusubu, zaidi ya kilo 200, linaloning'inia chini ya tumbo kwa pini moja tu. Ukiwa kwenye maji mengi unaliteremsha kwa waya na winchi, nalo linakuwa uzito wa kuizuia mashua isilale upepo unapoisukuma ubavuni. Ukikaribia ufukwe, au ukitaka kuipandisha kwenye trela, unalikunja lirudi tumboni. Ni akili nzuri sana. Ila akili yote hiyo, pamoja na roho za waliomo, imetundikwa kwenye kipande cha chuma chenye unene wa kidole gumba.

Kuutoa mkuku ule si kazi ya pupa. Tuliinua mashua kwa jeki mbili, tukaitegemeza kwa magogo na matairi makuukuu pande zote, tukalivuta trela litoke chini. Tukachimba shimo la kutosha bapa kuteremka. Fundi akaweka jeki ya tatu chini ya mkuku, akaufunga kwa mnyororo, ndipo tukaanza kuigonga pini. Alikuwa na sheria moja: mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya chuma kilichoshikiliwa na jeki peke yake. "Jeki haina mama," alikuwa akisema. Pini ilipotoka tuliiona wote. Katikati imeliwa, imebaki nyembamba kama kiuno cha nyigu, na tundu lake kwenye mkuku halikuwa duara tena, lilikuwa kama yai. Ndiyo maana mzee alikuwa akisikia ko-ko-ko chini ya miguu yake kila wimbi lilipopita.

Tundu tulilitoboa upya, tukalivisha bushi. Ikabaki pini. Fundi akanipa shilingi 50,000. "Nenda Kariakoo, ulete stenlesi. Chukua na sumaku ile." Sumaku yake ilining'inia ukutani kwa kamba ya kiatu. Stenlesi nzuri ya baharini haishiki sumaku, au inashika kwa mbali, kama salamu ya mtu aliyenuna. Chuma cha kawaida kilichopakwa zinki kinaidaka papo hapo. Kwa macho huwezi kutofautisha, vyote vinang'aa. Lakini kwenye maji ya chumvi, tena mahali panaposuguana, ile zinki ya juu haikawii kuisha, na kutu inaanza kula taratibu bila kumwambia mtu.

Nikasahau sumaku. Yaani hivyo ndivyo nilivyojiambia wakati ule, kwamba nimesahau.

Dukani Kariakoo kijana mwenzangu akanionyesha pini mbili. "Braza, stenlesi hii hapa elfu arobaini na tano. Ila kama unataka na wewe upate chochote, chukua hii, elfu kumi na mbili, inang'aa vilevile. Kwani inakwenda kufungwa wapi?" Nikamwambia chini ya mashua. Akacheka kwa furaha ya kweli. "Chini ya maji? Sasa nani ataona?" Akaniandikia risiti ya elfu arobaini na tano hata kabla sijaomba.

Sikumchukia, na leo pia simchukii. Hakunidanganya, alinieleza waziwazi kipi ni kipi. Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba, na elfu thelathini na tatu ni elfu thelathini na tatu. Njiani nikajisomea ule msemo tunaoupenda sana mjini hapa, kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Nilipofika nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea iwapo fundi angeuliza. Hakuuliza. Sumaku ilikuwa ukutani, hatua mbili tu, naye hakuitazama. Alipokea pini kutoka mkononi mwangu, akaipaka grisi, akaigonga, ikaingia vizuri kabisa. Tukapaka rangi. Kazi ikapendeza.

Sasa tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye swali lenyewe. Ubaya ambao hakuna atakayeuona, je, ni ubaya?

Plato, yule Myunani wa kale, katika kitabu chake cha Jamhuri anasimulia kisa cha mchungaji wa nchi ya Lydia aliyepata pete ya ajabu. Akiigeuza upande wa ndani, haonekani. Mchungaji yule akaingia ikulu, akamlaghai malkia, akamwua mfalme, akatwaa kiti. Anayekisimulia kisa hicho, Glaucon, anauliza: ukimpa pete kama hiyo mtu mwema na mtu mwovu, kweli watatofautiana? Sisi wa Dar es Salaam pete hizo tunazo tele. Plasta ni pete. Rangi ni pete. Maji ya bahari ni pete kubwa kuliko zote. Kila fundi anayefanya kazi itakayofunikwa amevishwa pete kidoleni, apende asipende.

Majibu ya haraka yapo. La kwanza: Mungu anaona. Ni kweli kwa anayeamini, na mimi naamini. Lakini nikiacha kuiba kwa sababu hiyo peke yake, nimebadilisha tu mlinzi. Nimemtoa bosi nikamweka Mungu getini. La pili ni jibu la Sokrate mle mle kitabuni, kwamba dhuluma humharibu nafsi mwenye kuitenda. Labda. Ila sitakudanganya, msomaji. Wiki ile nafsi yangu haikuonyesha dalili yoyote ya kuharibika. Nilikula, nikalala, nikalipa kodi. Dhamiri tunayoisoma vitabuni, ile inayomkosesha mtu usingizi, mimi haikunitembelea.

Kilichonitembelea ni mtoto. Jumamosi mzee alikuja kuichukua mashua aende nayo Msasani, akaja na wajukuu wawili. Wa kike, wa miaka kama saba hivi, akapanda ndani ikiwa bado juu ya trela, akaruka mara tatu kupima kama sakafu ni imara. Ilikuwa imara. Akacheka, akakaa. Hakuinama kuchungulia chini. Kwa nini achungulie? Chini tulikuwako sisi.

Nikasikia sauti yangu ikisema: "Fundi, ile pini si stenlesi."

Nitaufupisha mkasa. Fundi hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa juu ya tairi, akanyamaza muda mrefu. Mtoto alilia kwa sababu safari imevunjika, wakarudi kwao kwa daladala. Lakini kabla ya kuondoka mzee aliniita pembeni. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Nieleze kitu kimoja. Kwa nini umeniambia? Mimi nisingejua kamwe." Hakusema kwa hasira. Alitaka kujua kweli, na mimi nilisimama pale kama mlingoti usio na tanga. Sikuwa na jibu.

Maandishi haya ndiyo jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Mzee wangu, nilikwambia kwa sababu ya hilo hilo ulilosema, kwamba usingejua. Ungeweza kujua, ningekuachia ujue. Muuza nyanya sokoni hahitaji niwe na imani naye sana: nyanya nazibonyeza mwenyewe. Pale jicho linapofika, uaminifu hauna kazi kubwa. Kazi yake inaanza pale jicho linapoishia. Ile sehemu ya kazi inayoonekana unailipia kwa pesa, tukapatana bei. Ile isiyoonekana huna namna ya kuilipia, unaikabidhi tu. Nilipochukua elfu thelathini na tatu nilidhani namwibia fundi. Kumbe nilichokuwa naiba ni kule kutochungulia kwa mjukuu wako.

Na mji mzima umejengwa juu ya kutochungulia huko. Soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, watu husifu paa lake lenye umbo la miavuli. Sijasikia anayesifu misingi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka hapo hapo Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20. Sisemi nani alikosea. Si kazi yangu na sina ushahidi. Nasema tu kwamba asubuhi ile wafanyabiashara na wateja waliingia mle bila kukagua nguzo, kama wewe na mimi tunavyoingia kila siku. Na nani anayepanda daladala akaanza kwa kulala chini kutazama breki?

Mkuku wa chombo huonekana lini? Ukiwa bandarini hauonekani, ukiwa safarini hauonekani. Wengi wetu tuliona tumbo la meli kwa mara ya kwanza kwenye picha za MV Bukoba, Mei 1996, na baadaye MV Nyerere, Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara: chombo kimegeuka miguu juu, chini kumekuwa juu, na mamia ya watu wamekwisha kufa. Vyombo vile havikuzama kwa sababu ya pini. Lakini picha zile zilinifundisha kwamba "nani ataona" ina jibu. Wataona wote, ila siku ambayo kuona hakusaidii tena.

Najua utaniuliza kuhusu njaa. Ungekuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, ungesema? Swali ni la haki, nami sina kifua cha kujibu kwa majigambo. Deni langu lilikuwa la kodi, si la dawa. Ninachojua ni kwamba kamba ile ya mbuzi ina ncha mbili. Siku ile sikutazama ncha ya pili imefungwa kwa nani.

Wala kusema kweli hakukuwa na zawadi. Tuliinua tena mashua, tukachimba tena shimo, siku mbili za kazi bila malipo. Fundi alikata fedha zake kwenye ujira wangu mpaka zikaisha. Mzee aliichukua mashua yake ikiwa nzima, akashukuru, na tangu siku hiyo hajaleta kazi nyingine wala hajamleta mtu. Aliyepoteza mteja ni fundi, ambaye hakuiba hata senti. Hilo linaniuma kuliko yote, na sijapata falsafa ya kulituliza. Labda kosa lake lilikuwa moja tu, kutoitazama sumaku. Na kosa hilo ndilo wema tunaodaiana sisi kwa sisi.

Wenzangu mnaoandika, nadhani mmekwisha kuniona ninakokwenda. Nasi tuna sehemu yetu iliyo chini ya maji: yale tunayodai tumeyaona na hatukuyaona, machozi tunayoyaazima. Msomaji anapanda, anaruka mara tatu, anakaa.

Nimebakiza jambo moja. Asubuhi tulipoitoa pini ile mbovu, fundi alitia mkono mfukoni, akahesabu shilingi 45,000, akatazama huku na huku. Vijana tulikuwa watatu uwanjani. Akanipa mimi.

"Kariakoo," akasema, akageukia jeki zake.

Sikusahau sumaku.