Kitabu cha Picha na Swali la Haki

Kitabu cha mtoto ni kidogo kwa umbo, lakini kazi yake si ndogo. Picha husomwa kabla ya herufi. Mtoto asiyejua irabu hata moja hutambua mara moja nani ameonea na nani ameonewa. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa nchini Tanzania mwaka 1991, hazina ya vitabu vya watoto kwa Kiswahili imekua, na hivyo swali moja limekuwa zito zaidi. Je, ni jambo jema kumfunza mtoto kupinga dhuluma kabla hajajua gharama ya kuipinga?

Wako wanaosema kwamba si jema. Mtoto akizoea kuhoji, wasema, kesho hatamheshimu mzazi wake. Hoja hii ina uzito, lakini huchanganya heshima na woga. Heshima huona kosa ikanena kwa upole. Woga huona kosa ukanyamaza.

Tuchukue mfano wa Hanga, upande wa Songea, katika nchi ya mahindi. Mtoto amesoma kitabu cha fisi aliyewapunja wenzake katika mgawo. Siku ya kuuza mavuno amwona mnunuzi akijaza gunia mpaka likavaa kilemba, gunia la lumbesa lililokatazwa na sheria ya vipimo, kisha akalilipia bei ya gunia la kawaida. Mtoto auliza: “Baba, kilemba hiki chalipiwa na nani?” Baba hujivunia mwana mwenye akili. Jioni mtoto huuliza tena: “Mbona dada yangu huteka maji na mimi nimekaa na kitabu?” Hapo nyumba nzima hunyamaza. Swali ni lile lile. Limebadili mlango tu. Alipendaye sokoni na kulichukia nyumbani hapendi haki. Apenda faida yake.

Kwa hiyo naona kwamba kumfunza mtoto kupinga dhuluma ni wajibu. Lakini wajibu huu una sharti, nalo ni ukweli. Songea yalijua jambo hili kwa uchungu. Katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, watu walipinga utawala wa Wadachi, kodi zake na kazi zake za shuruti, wakapewa maji walioambiwa kuwa yatazishinda risasi. Dhuluma ilikuwa kweli, na ushujaa ulikuwa kweli. Ahadi ya maji haikuwa kweli. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa mjini Songea. Hatuwalaumu, twawakumbuka kwa heshima kila mwaka. Lakini kitabu kimwambiacho mtoto kwamba kila asemaye “hapana” hushinda kabla ya ukurasa wa mwisho humpaka maji yale yale. Mnunuzi akihojiwa aweza kupanda lori lake akaenda kwa jirani, na baba akakosa fedha za sare na madaftari. Mtoto aliyeahidiwa ushindi atadhani kwamba haki yenyewe ni uongo.

Je, tumtishe basi? Hasha. Tumwonyeshe gharama, kisha tumwonyeshe namna ya kuigawana. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, huachwa. Kijiji kizima kikikataa, mnunuzi hana pa kugeuzia lori. Picha ya mwisho isiwe ya shujaa mmoja juu ya mgongo wa fisi. Na iwe ya majirani wengi waliosimama pamoja, wengine wakiwa bado wana hofu.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Ampaye mtoto kitabu cha haki ajue kwamba yeye ndiye atakayeulizwa kwanza, na ajiandae kujibu bila kukunja uso. Akishindwa kuvumilia swali la mwanawe, mwana atajifunza kutoka katika uso ule kuliko kutoka katika picha zote za kitabu.