Mkubwa Ndiye Anayelipa

Ofisini kwetu, miaka ile ya mradi, Wakorea walikuwa na swali lililowakera Wamarekani: umezaliwa mwaka gani? Hawakungoja mazoea. Mmeketi, chai haijapoa, na mhandisi kutoka Seoul anataka kujua umri wako, kama umeoa, na watoto ni wangapi. Mshauri wa fedha, Mmarekani mchangamfu aliyetutaka wote, hata mlinzi, tumwite kwa jina lake la kwanza tangu siku aliyoripoti, alijibu kwa kicheko kikavu kwamba ana umri wa kutosha. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo nilimwelewa Mkorea papo hapo. Usipojua nani kamtangulia nani, utaanzaje kuongea naye?

Kwao jambo lenyewe ni zito kuliko salamu. Tofauti ya mwaka mmoja inatosha kumfanya huyu kaka na yule mdogo wake, na kuanzia hapo kila kitenzi kinachotoka kinywani kinafuata daraja hilo. Hata kuhesabu umri walikuwa na namna yao: mtoto alizaliwa akiwa na mwaka mmoja tayari, na taifa zima liliongeza mwaka Januari mosi. Kichanga aliyezaliwa Desemba 31 kesho yake alikuwa na miaka miwili. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2023 iliwaingiza rasmi kwenye hesabu ya dunia, na ndani ya siku moja watu zaidi ya milioni 50 wakapungua umri kwa mwaka mmoja au miwili. Sijui taifa jingine lililowahi kupewa zawadi kama hiyo na bunge lake.

Umri ukishajulikana, una gharama. Wadogo hawashiki kijiko mpaka mkubwa ashike chake. Kinywaji humiminwa kwa mikono miwili, na mdogo akinywa mbele ya mkubwa hugeuza uso pembeni. Yanapendeza kuyatazama. Kisha bili inakuja, na macho yote yanamgeukia yule aliyekuwa akiheshimiwa jioni nzima. Analipa meza yote, nyama ya kuchoma, pombe ya soju na vyote vilivyoagizwa. Kundi likihamia mkahawa wa pili, mdogo anawahi kaunta na kununua kahawa. Hakuna anayepiga hesabu mbele ya wenzake, ila kila mmoja anakumbuka, na aliyelipiwa leo ana sababu ya kukutafuta wiki ijayo.

Marafiki wanne wa Kimarekani watakula pamoja Chicago, watacheka mpaka machozi, na mhudumu akileta bili watatoa simu na kugawana hadi senti. Aliyekunywa maji halipii divai ya mwenzake. Ndugu zetu wanaorudi kutoka huko hulisimulia hilo kama ushahidi wa uchoyo, na mimi sikubaliani nao. Mmarekani hataki uondoke pale ukimdai wala yeye akikudai. Mkilipana mko sawa, na mkionana tena ni kwa kuwa mmependa. Huyohuyo asiyekununulia soda anaweza kusimama kwenye mvua akikusaidia kubadilisha tairi, kisha akaondoka bila kukuuliza jina. Nikizipitia desturi zao nyingi, narudi palepale: Mkorea hujitahidi kuliacha deni wazi kati ya watu, Mmarekani hujitahidi kulifunga.

Katika bakshishi Mmarekani anajikanganya. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mgahawa dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, ilimradi bakshishi za wateja zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Baadhi ya majimbo, California likiwemo, yameikataa tofauti hiyo, lakini desturi imeenea kote: asilimia 15 hadi 20 juu ya bili. Kwa hiyo yule binti anayekuja mara tatu kuuliza kama chakula kimekupendeza anafanya kazi mbili, ya kubeba sahani na ya kukupenda. Seoul kuna kengele mezani. Unabonyeza, anakuja, unaagiza, anaondoka, wala hakupi tabasamu la bure. Ukimwachia pesa mezani, anaweza kutoka mbio akurudishie akidhani umesahau. Wakati huohuo wateja humwita mhudumu wa makamo mama mdogo, na mama mdogo huyo ataongeza kimchi na vitoweo vidogovidogo kila vinapokwisha, bila kuandika chochote kwenye bili.

Lakini ni kwenye harusi ndipo ninapowaona Wakorea kama watani zetu. Ibada yenyewe ukumbini haifiki saa moja, maana maharusi wengine wanasubiri zamu. Penye shughuli ni mlangoni. Kuna meza mbili, ya upande wa bwana harusi na ya upande wa bibi harusi, na ndugu wameketi na daftari. Unatoa bahasha nyeupe yenye jina lako, wanaandika jina na kiasi, wanakupa tiketi ya chakula. Won 50,000 kwa mtu wa mbali au asiyeweza kuhudhuria, 100,000 kwa mfanyakazi mwenzako, na zaidi kadiri ukaribu unavyozidi. Siku utakapooa wewe, au utakapofiwa, maana msibani nako bahasha ni hizohizo, watalifungua daftari na kukurudishia kiasi chako, pengine na cha juu kidogo.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Tuna kamati, tuna kadi za mchango, single na double, na tuna mweka hazina asiyeona haya kubandika majina ya walioahidi kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku. Tofauti ninayoiona ni kwamba sisi huchanga kabla ili harusi ifanyike, na ukubwa wa ukumbi hufuata ukubwa wa ahadi. Mkorea anatoa siku ileile, fungu la chakula likiwa limeshapigiwa hesabu. Ila kumbukumbu ni ileile. Nawajua akina mama wa Ilala wanaoweza kukutajia nani alichanga nini kwenye harusi ya miaka ishirini iliyopita, na nani hakuchanga.

Bibi harusi wa Kimarekani huandikisha dukani orodha ya vitu anavyovitaka: blenda, mashuka, seti ya visu. Mgeni anachagua, analipia, na kitu kinafutwa kwenye orodha asije mwingine akanunua kilekile. Wiki kadhaa baadaye inafika kadi ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono, blenda imetajwa kwa jina. Mimi huisoma kadi hiyo kama stakabadhi. Imepokelewa, ahsante, hatudaiani.

Deni lililoachwa wazi lina hatari yake, nao Wakorea wanaijua kuliko sisi tunaowatazama kutoka mbali. Mzazi anampelekea mwalimu zawadi, mkandarasi anamlipia mkurugenzi chakula cha jioni, na hakuna aliyetamka neno rushwa. Mwaka 2016 ilianza kutumika sheria ambayo watu huiita kwa jina la Kim Young-ran, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Korea Kusini, aliyeipendekeza alipoongoza tume ya kupambana na rushwa. Iliwabana watumishi wa umma, walimu na waandishi wa habari. Mlo wa kununuliwa usizidi won 30,000, kiwango kilichopandishwa hadi 50,000 mwaka 2024, na bahasha za harusi nazo zikawekewa kikomo. Migahawa ya bei ikalia. Sisi waandishi wa huku, tunaoijua bahasha ya baada ya mkutano na wanahabari, tusicheke sana.

Desturi za Wakorea na za Wamarekani zimewahi kugongana uso kwa uso, juu ya kaunta za maduka ya Los Angeles. Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 Wakorea walimiminika Marekani, wengi wakiwa wasomi ambao vyeti vyao havikuwafaa kitu huko. Wakafungua maduka ya vyakula, ya pombe na ya udobi, mengi katika mitaa ya South Central ambayo maduka makubwa yalikuwa yameikimbia. Wateja wao weusi walikuwa na lalamiko moja walilolirudia kila mahali: huyu mwenye duka hatabasamu, hanitazami usoni, na chenji yangu anaiweka kwenye kaunta badala ya kuniwekea mkononi. Kwa mtu ambaye wazazi wake waliishi na wazungu wasiotaka kugusana nao, chenji ya kaunta ilikuwa na maana moja tu. Kwa mama aliyelelewa Korea, kutomkodolea mgeni macho, kutomchekea mtu asiyemjua na kuepuka kumgusa mkono mwanamume wa watu ndiyo adabu aliyofundishwa.

Maelezo haya ni mazuri, na kwa uzuri wake yamewatosha watu wengi mno. Tarehe 16 Machi 1991 Latasha Harlins, msichana mweusi wa miaka 15, aliingia kwenye duka la Mkorea na kuchukua chupa ya juisi ya machungwa ya dola 1.79. Mwenye duka alimshuku wizi, wakapigana, na msichana alipogeuka kuondoka alipigwa risasi kisogoni. Pesa za kulipia zilikuwa mkononi mwake. Baraza la mahakama lilimkuta mwenye duka na hatia ya kuua. Jaji akampa kifungo cha nje, huduma kwa jamii na faini ya dola 500. Tarehe 29 Aprili 1992, polisi waliompiga Rodney King, mtu mweusi, walipoachiwa na mahakama, mji ukawaka. Waliokufa walizidi 60, na maduka zaidi ya 2,000 ya Wakorea yaliporwa au kuchomwa. Wakorea wa Marekani huzitaja siku hizo kwa tarakimu tu, nne-mbili-tisa.

Ziko wapi mila hapo? Chenji ya kaunta ilichosha mioyo kila siku, nakubali. Bastola chini ya kaunta haikutoka kwenye malezi ya Kikorea, na hukumu ile haikutolewa na mtu aliyeshindwa kuelewa tabasamu. Nina wasiwasi na makala za mila, hii ikiwemo, zinapotaka kueleza umaskini, silaha na mahakama kwa habari ya nani humtazama nani usoni.

Kuna deni jingine ambalo Wakorea waliliacha wazi, kubwa kuliko yote, nalo halikurudi kama walivyotegemea. Vizazi vilivyoijenga nchi ile baada ya vita ya 1950 hadi 1953 viliwekeza kwa watoto. Ng'ombe aliuzwa, shamba likauzwa, mtoto akaenda chuo kikuu Seoul, na uzeeni angewatunza. Mfuko wa pensheni wa taifa ulianza 1988 tu, wengi wao wakiwa watu wazima wenye miaka michache ya kuchangia. Leo wazee karibu 4 katika kila 10 wanahesabiwa kuwa maskini, kiwango cha juu kabisa miongoni mwa nchi tajiri. Wanapanda treni za chini ya ardhi bure tangu 1984 wakifikisha miaka 65, viti vyao mwisho wa behewa haviketiwi na kijana hata treni ikijaa, na wakishuka baadhi yao wanasukuma mikokoteni ya maboksi ya kuuza kwa kilo. Mmarekani, ambaye mjukuu wake humwita bosi wa miaka 70 kwa jina la kwanza, alilikabidhi deni la uzee kwa serikali tangu 1935, na kwa uwiano wazee wake maskini ni wachache zaidi. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo. Kwetu wengi bado tunasomesha watoto kwa hesabu ya yule mzee wa Kikorea.

Na vijana wa Seoul wameiona hesabu hiyo, wakaanza kuikimbia. Zaidi ya theluthi moja ya kaya za Korea Kusini ni za mtu mmoja. Migahawa imeweka viti vya mla-peke-yake, jambo ambalo babu zao wangeliona kama msiba. Uzazi ulishuka mwaka 2023 hadi wastani wa mtoto 0.72 kwa mwanamke, wa chini kuliko taifa lolote. Mwaka huohuo daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa waraka wa kuionya nchi yake juu ya upweke. Waliofunga madeni yao na walioyaacha wazi wamekutana kwenye meza ya mtu mmoja, na sidhani kama yupo anayeweza kumfundisha mwenzake kwa sasa.

Lakini msifikiri vijana hao wamegeuka Wamarekani. Julai 2023 kampuni ya Kakao iliweka kwenye programu yake ya teksi kitufe cha kumpa dereva bakshishi, kwa hiari, isiyozidi won 2,000. Watu waliwaka. Walisema ni ugonjwa wa Marekani unaingizwa kwa mlango wa nyuma, kwamba nauli ni nauli, kwamba leo ni hiari na kesho ni lazima. Wengi wa waliolalamika, Jumamosi ile walikuwa na bahasha ya won 100,000 ya kupeleka kwenye harusi ya mtu wa idara nyingine, na walikwenda.